Siku Niliyodhani Nimemuua Bibi

Nilipokuwa mtoto, nyumbani kwetu Mkunazini, mjini Unguja, kulikuwa na maradhi yasiyotajwa. Si kwamba watu hawakuyajua jina. Waliyajua, ila hawakulitamka. Mtu wa mtaani akipatwa nayo, Bibi alisema, "Fulani ana yale," akashusha sauti, akageuza uso pembeni na kutema mate kidogo, ptu, ili yale yasisikie yakadhani yanaitwa. Na mimi nikaiga. Nilikuwa na miaka tisa na nilikuwa fundi wa kutema mate kuliko mtoto yeyote wa mtaa ule.

Tulikuwa watatu tu katika ghorofa ya pili ya nyumba kongwe: Bibi, mama yangu mdogo Salha, na mimi. Mama mzazi aliolewa Pemba, na mimi mtoto wa kwanza nikaachwa kwa Bibi, kama ilivyokuwa desturi ya watu wengi wakati ule. Salha mimi nilimwita Mamdogo. Alikuwa na miaka thelathini na kitu, ameachika, hakujaaliwa mtoto, na alikuwa akishona sare za skuli kwa charahani yake iliyowekwa dirishani. Sauti ya charahani ile ndiyo iliyonilaza mchana na ndiyo iliyoniamsha. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya sabini, mchele ulikuwa wa foleni na kitambaa kilikuwa hakipatikani, lakini Mamdogo aliweza kufumua gauni la zamani akatoa sketi mbili za skuli usijue zimetoka wapi.

Bibi alikuwa mtu wa Matemwe, aliyeletwa mjini akiwa bi harusi. Alikuwa msafi kupita kiasi. Kila asubuhi na kila alasiri alifukiza udi, akakiweka chetezo chini na kusimama juu yake mpaka kanga zake zote zikajaa moshi. Majirani walimsifu. "Akipita Bi Mwanakombo," walisema, "utajua kapita." Mimi nilijivuna kwa sifa ile kama kwamba ni yangu.

Siku ya kwanza ya mambo haya naikumbuka kwa sababu ya kofi. Mamdogo alitoka kuoga, amejifunga kanga kifuani, akaja akasimama mbele ya Bibi aliyekuwa anachambua mchele.

"Mama, hebu nishike hapa. Pana kitu."

"Kitu gani?"

"Sijui. Kigumu, kama kokwa ya zambarau. Hakiumi."

Akauchukua mkono wa Bibi akauweka kwenye titi lake la kushoto. Bibi aliutoa mkono wake kwa nguvu, na kwa mkono uo huo akampiga Mamdogo kofi la mkononi, sinia la mchele likapinduka. Sikuwahi kumwona Bibi akimpiga mtu mzima. Punje zikatawanyika sakafuni, mchele wa foleni, na hakuna aliyeinama kuokota.

"Usiliguse!" Bibi alisema. "Usiliguse tena. Na usimwambie mtu."

Jioni yake ndipo alipotuketisha sote wawili akatueleza. Alisema ule uvimbe si nyama. Ni shetani aliyekaa, na shetani yule hataki chuma. Anaweza kukaa na mtu miaka akiachwa na amani yake, akifukizwa, akibembelezwa. Lakini akiguswa kwa wembe au kisu, atatoka, na akitoka hendi mbali.

"Huhamia kwa mwengine wa damu ile ile," Bibi alisema. "Aliye karibu." Na hapo akanitazama mimi.

Nikajisogeza nyuma mpaka ukutani. Leo naweza kusema ilikuwa hofu ya mtoto, lakini wakati ule niliona kama shetani mwenyewe kageuka kunitazama kupitia macho ya Bibi.

Mamdogo akapelekwa Matemwe kwa jamaa zetu. Alikaa wiki tano. Alirudi amekonda, na titi limebandikwa majani yaliyopondwa pamoja na kitu fulani kikali, kwani ngozi ilikuwa imeungua na kubadilika rangi. Uvimbe haukupungua. Nilimsikia akimwambia Bibi kwamba sasa kuna mwengine mdogo kwapani. Bibi akasema tusubiri. Mamdogo akasema, "Tunasubiri nini, Mama?" na Bibi akaondoka kwenda kufukiza.

Asubuhi moja Mamdogo akavaa buibui, akanishika mkono, akamwambia Bibi tunakwenda kutafuta uzi. Hatukwenda kutafuta uzi. Tulikwenda hospitali.

Daktari alikuwa Mchina, mtu mfupi mwenye miwani, na pembeni yake palikuwa na kijana mkalimani, Mchina vilevile, aliyejifunza Kiswahili kwao. Alikisema vizuri mno, neno baada ya neno, kama mtu anayesoma maandishi ukutani. Nilitaka kucheka, lakini nilipouona uso wa Mamdogo hamu ikaniisha.

"Daktari anauliza, uvimbe huu umeuona lini?"

"Miezi sita sasa."

"Daktari anauliza, kwa nini hukuja miezi sita?"

Mamdogo akanitazama, kisha akatazama sakafu. "Nlikuwa natibiwa kwetu."

"Daktari anauliza, mama yako, bibi yako, dada zako, kuna mwenye ugonjwa kama huu?"

"Hakuna. Sote wazima."

Daktari akachukua kipande cha karatasi akachora titi kwa penseli, akachora na kokwa ndani yake, na mizizi ikitoka kwenye kokwa kuelekea kwapani. Kisha akazungusha duara kubwa lililozunguka vyote. Hapakuhitajika mkalimani. Lakini kijana yule alisema, kwa sauti ile ile ya kusoma, "Daktari anasema hii ni saratani. Ni lazima kukata yote. Ukikubali wiki hii, anaweza kukusaidia. Ukirudi mwakani, hawezi."

Nililisikia lile jina kwa mara ya kwanza likitamkwa kwa sauti kamili, mchana, na mtu asiyetema mate. Nikatema mimi, pale pale kwenye sakafu ya hospitali. Nesi aliyekuwa mlangoni akanikaripia. Mamdogo hakunikaripia. Alikuwa anaitazama ile karatasi.

"Nnakubali," alisema.

Nyumbani mambo yakalipuka. Bibi alilia, akaapa, akasema Mamdogo anataka kuua. "Umemfikiria huyu mtoto?" alirudia. "Umemfikiria?" Mamdogo alikuwa anakunja nguo zake kwenye kikapu. Mwisho alisema taratibu, "Mama, mimi sitaki kufa." Bibi akasema jambo ambalo nadhani lilimwuma kulisema: "Basi ukishakatwa usilale chumba kimoja na Zuhura. Asikuguse. Asinywe kikombe chako. Siku arubaini."

Alikatwa. Alikaa hospitali wiki tatu, na Bibi hakwenda kumtazama hata siku moja. Lakini kila siku alipika uji wa ngano na supu, akavifunga kwenye kitambaa na kumpa jirani yetu Bi Time avipeleke. Mimi nilikatazwa kwenda. Bi Time alirudi na habari: kaamka, kala, kasema mnasalimiwa. Bibi alizipokea habari zile amegeukia ukutani, akisema "Alhamdulillahi, alhamdulillahi," mara nyingi kuliko ilivyohitajika.

Mamdogo akarudi. Kwa macho yangu hakuwa amebadilika sana, ila mkono wa kushoto hauinuki na anatembea amejiinamia upande mmoja kama aliyebeba kitu. Majirani walikuja kumpa pole. Wengine walikaa mlangoni, wakainuka upesi, na chai hawakuinywa. Bibi alikiweka kikombe cha Mamdogo peke yake, juu ya rafu. Mimi nilifuata amri zote. Nilimpenda Mamdogo kuliko mtu yeyote, na nilimkimbia katika nyumba ya vyumba vitatu. Nikimwona anakuja ukumbini, mimi naingia jikoni. Aliona.

Kisha ikaja alasiri ile.

Bibi alikuwa ameteremka kwa Bi Time. Mamdogo alikuwa chumbani kwake na mlango uko wazi kidogo, nami nikapita. Alikuwa ameketi kitandani, ameteremsha kanga mpaka kiunoni, anajaribu kujifunga bandeji kwa mkono mmoja. Bandeji ilimponyoka ikabingirika sakafuni mpaka miguuni pangu. Nikainua uso.

Nusu karne imepita, na bado nikifumba macho naiona. Upande wa kulia alikuwa Mamdogo ninayemjua, ambaye nilioga naye tangu utotoni. Upande wa kushoto hapakuwa na mtu. Palikuwa na mbavu, na ngozi iliyovutwa juu ya mbavu, na mshono mrefu uliotoka kifuani ukapanda mpaka kwapani, mwekundu, una vinundu vinundu kama mshono wa gunia. Hakuna aliyeniambia. Nilisikia "kukata", nikadhani wanakata kile kijikokwa, wanakitoa kama mtu anavyotoa mwiba, kisha wanafunga. Sikujua kwamba wamechukua kila kitu. Nilisimama na mdomo wazi, sauti haitoki.

"Niokotee," Mamdogo alisema.

Niliokota. Nikamnyooshea kwa mbali.

"Zuhura. Njoo."

"Bibi kasema..."

"Najua alivyosema Bibi. Njoo unisaidie, mkono wangu haufiki."

Nikaenda. Sijui miguu ilinipelekaje. Akauchukua mkono wangu wa kulia, kwa upole, akauweka kifuani pale pasipo kitu.

"Umeona? Hapana shetani. Ni mimi tu. Nimeshonwa, kama navyoshona mimi sare."

Ngozi ilikuwa na joto. Chini ya vidole vyangu nilisikia moyo wake unapiga, karibu mno, kama kwamba hakuna kitu kati ya mkono wangu na moyo ule. Nikaona anataka kunitabasamia. Nikauvuta mkono na kukimbia.

Niliteremka ngazi mbili mbili. Chini kabisa, mlangoni, nikakutana na Bibi anarudi. Nikamrukia. Nikamkumbatia kwa nguvu zangu zote, nikakibamiza kichwa changu kifuani kwake na mkono wangu wa kulia, ule ule, ukashika kanga yake pale pale kifuani.

Bibi alipiga ukelele. Haukuwa ukelele wa mtu aliyeshtuka. Ulikuwa wa mtu aliyechomwa. Akanisukuma nikaangukia ngazi, na yeye akajikunja akashika ukuta, anahema, jasho linamtoka. Nilijishika paji la uso na nikahisi majimaji. Nikatazama vidole. Vilikuwa na damu, na ndani ya damu kitu cha manjano, na harufu yake ilikuwa mbaya, harufu ambayo hata udi wote ule uliokuwa kwenye kanga haukuweza kuificha. Nikajipapasa kutafuta jeraha. Sikuwa na jeraha. Damu haikuwa yangu.

Juu ya kanga ya Bibi, upande wa kushoto, palikuwa na doa linapanuka.

Bibi akajifunika kwa buibui. "Usiseme," alinong'ona. "Zuhura, usiseme kitu." Akapanda ngazi akishikilia ukuta, akajifungia chumbani.

Mimi nilibaki pale chini. Nilifanya hesabu ya mtoto, na kwa mtoto hesabu ile haikuwa na kosa. Bibi alisema shetani akikatwa huhamia kwa mwengine wa damu ile ile. Alisema nisimguse Mamdogo. Nikamgusa. Kisha, kabla ya dakika tano, kwa mkono huo huo nikamgusa Bibi, na pale pale nilipomgusa pakapasuka damu. Nilikuwa nimembeba shetani kiganjani kutoka ghorofa ya pili mpaka mlangoni, nikampa Bibi.

Niliunawa mkono kwa sabuni, kisha kwa majivu, kisha kwa mchanga, mpaka ukachubuka. Kisha nikaufunga kitambaa. Skuli nilimwambia mwalimu nimeungua. Nilikula kwa mkono wa kushoto, dhambi juu ya dhambi. Sikumgusa mtu, sikugusa hata paka. Bibi hakutoka chumbani siku mbili, alisema ana homa, na mimi nilikaa nje ya mlango wake nikisikiliza kama bado anapumua.

Siku ya tatu Mamdogo akanikamata.

"Mkono umefanyaje? Fungua."

"Usiniguse!"

"Zuhura!"

"Usiniguse, ntakuua na wewe! Nshamuua Bibi!"

Na hapo ndipo sauti iliyokwama tangu siku ile ilipotoka. Nilipiga kelele mpaka Bi Time akatoka chini kuuliza kuna nini. Nikamwambia Mamdogo kila kitu, maneno yanatoka bila mpango, damu, ngazi, kifua, harufu. Mamdogo alinisikiliza. Nilimwona uso unavyombadilika, na nilidhani ananikasirikia. Aliinuka. Alikwenda moja kwa moja chumbani kwa Bibi akafungua mlango, na mimi nikamfuata nyuma.

Bibi alikuwa amelala kwenye samadari yake, amejifunika. Mamdogo akamfunua. Bibi alijaribu kuzuia, lakini hakuwa na nguvu. Zilitoka kanga mbili, kisha fulana, kisha vitambaa vilivyokunjwa, kimoja juu ya kingine, cha mwisho kimegandia. Mamdogo akakilowesha maji, akakitoa polepole. Sitaeleza nilichokiona. Nitasema tu kwamba mshono wa Mamdogo, ulionitisha vile, ulikuwa kitu safi na kizuri mbele ya donda lile.

Mamdogo akakaa kitandani.

"Tangu lini, Mama?"

Bibi alikuwa anatazama dari. "Zuhura alikuwa hajaanza kusema."

"Miaka minane?"

"Kilikuwa kidogo. Kama chako. Kikakaa. Mwaka juzi ndio kikapasuka."

"Na ukanyamaza. Umelala nyumba moja na mimi, unajifunga vitambaa, unafukiza..."

"Nlikwenda kutibiwa," Bibi alisema. "Usidhani sikwenda. Kulikuwa na bibi mmoja akipiga chuku, akiumika watu kwa pembe. Nikamwambia anitoe. Akachanja kwa wembe." Akafumba macho. "Nlimruhusu chuma, Salha. Nlijua, na nikamruhusu, kwa sababu nliogopa. Kisha siku ile ukaja umejifunga kanga unaniambia, Mama, hebu nishike hapa."

Mamdogo akajishika pale penye mshono.

"Lilitoka kwangu likaja kwako," Bibi alisema. "Mimi ndiye niliyekupa. Sasa nikuache ukatwe na wewe, liende kwa mtoto?"

Mpaka leo sijasikia maneno yaliyonishtua zaidi ya hayo. Nilikuwa nimesimama mlangoni na mkono wangu uliofungwa kitambaa, na nikatambua, kwa akili ya miaka tisa, kwamba katika nyumba ile mtu mwengine alikuwa amefanya hesabu ile ile niliyoifanya mimi, na alikuwa ameishi nayo si siku tatu bali miezi na miezi. Kofi lile, machozi yale, kutokwenda hospitali, kikombe juu ya rafu. Bibi hakumkimbia mwanawe kwa kumwogopa. Alikuwa akimkimbia kwa aibu.

"Ungenambia," Mamdogo alisema, na sasa alikuwa analia. "Yule daktari aliniuliza. Aliniuliza kama mama yangu anaumwa. Nikamwambia wewe mzima."

"Ningekwambia nini, mwanangu?"

Mamdogo akamlalia. Upande wake usio na titi ukawa juu ya upande mzima wa mama yake, na wakalia pamoja, nami nikaenda nikajipenyeza miguuni.

Kesho yake alimpeleka Bibi kwa daktari yule yule. Nilikwenda pia, kwani sikukubali kuachwa. Daktari alitazama, akafunika, akavua miwani. Alisema maneno machache. Yule kijana mkalimani aliyatafuta maneno, na kwa mara ya kwanza Kiswahili chake kikakatika.

"Daktari anasema... Anasema mama amevumilia sana. Anasema sasa kukata hakusaidii."

"Kuna dawa nyengine?" Mamdogo aliuliza.

Kijana hakumtafsiria daktari swali lile. Alitikisa kichwa yeye mwenyewe.

Nesi aliyenikaripia siku ile ndiye aliyemfundisha Mamdogo namna ya kusafisha kidonda: maji ya chumvi yaliyochemshwa na kupozwa, pamba, kitambaa safi kilichopigwa pasi pande zote mbili. Alitupa vidonge vya maumivu. Akasema njooni kila wiki, hata kama hapana la kufanya, njooni tu tumtazame.

Bibi aliishi miezi minne baada ya hapo. Kila asubuhi Mamdogo, ambaye mkono wake mmoja ulikuwa bado mzito, alimsafisha mama yake, na mimi nilishika bakuli. Nilijifunza kushika bakuli bila kugeuza uso. Chetezo kilibaki baridi, kwani Mamdogo alisema harufu ikiwapo tutajua kuna la kufanya. Na jambo ambalo sikulitarajia: Bi Time alipoambiwa ukweli, alikuja akakaa. Hakukaa mlangoni, alikaa kitandani, akanywa chai kwa kikombe cha Mamdogo. Halafu wakaja wengine wawili, watatu. Mmoja wao, mke wa mwuza kahawa, alimvuta Mamdogo jikoni akamwuliza kwa sauti ndogo yule daktari yuko siku gani. Alikuwa na lake, kwapani, tangu mwezi wa Ramadhani.

Siku chache kabla ya mwisho nilibaki na Bibi peke yetu. Nilikuwa na swali lililokuwa halinitoki.

"Bibi, ni mimi niliyekupa?"

Alichukua muda kunielewa. Alipoelewa, alinishika mkono ule wa kulia akauweka shavuni kwake.

"Hapana, mjukuu wangu. Langu lilikuwapo hujajua hata kuniita Bibi."

Kisha, kama mtu anayeongeza jambo dogo, akasema, "Lakini ujiangalie. Nyumba hii lishaijua njia."

Alifariki mchana wa Alhamisi, charahani imenyamaza. Mamdogo aliishi. Aliishi miaka ishirini na sita mingine, akashona sare za wanangu, na kila alipotoka nje alivaa ndani ya sidiria kijifuko alichokishona mwenyewe akakijaza sufi. Alikuwa akikipiga piga kukiweka sawa mbele ya mtu yeyote, bila haya, na mwanamke akimwuliza, alimweleza. Walikuja wengi kuuliza. Hakuwa na elimu ya udaktari, alikuwa na mshono, akiuonyesha. Nina hakika kuna wanawake waliozeeka mjini Unguja kwa sababu waliuona.

Onyo la Bibi nalo likatimia. Nilikuwa na miaka hamsini na mbili nilipokiona changu. Daktari aliyenipokea alikuwa binti wa Kizanzibari mdogo kuliko mwanangu wa kwanza, na aliniuliza swali lile lile la Mchina. Nikamjibu: bibi, na mama mdogo; mama mzazi hakupatwa. Akaandika, akanieleza kwamba yako maradhi ya namna hii ambayo hufuata damu, hutoka kwa mama kwenda kwa binti kabla hata mtoto hajazaliwa, na wembe hauhusiki kabisa. Akasema familia kama yetu inapaswa kupimwa mapema na mara kwa mara. Nilitibiwa kwa namna ambazo Mamdogo asingeziamini. Mimi walitoa uvimbe tu, titi likabaki. Nikapelekwa Dar es Salaam nikachomwa mionzi, nikatiwa dawa za mshipani zilizoninyoa nywele zote. Katika wadi ile niliwakuta akina mama wa kila pembe, tukashikana mikono wakati wa kutapika, tukachekana vipara vyetu.

Nimemfikiria sana Bibi. Zamani nilipokuwa kijana nilimkasirikia, nikasema ujinga ndio uliomuua na ulikaribia kumwua Mamdogo. Siku hizi naona kwamba Bibi aliliona jambo la kweli kwa macho yake, kwamba kitu kile kilipita kutoka kwake kwenda kwa mwanawe, na kwa kukosa wa kumwuliza alilieleza kwa alichokuwa nacho. Akajihukumu, kisha akaificha hukumu. Kilichomuua ni kule kuficha.

Na ningependa kuishia hapo, niwe mimi ndiye niliyejifunza. Lakini mwanangu Salma, nilipomwita, kabla sijaanza matibabu, kumwambia naumwa na kwamba na yeye aende akapimwe, aliniuliza, "Umeliona lini, Mama?"

Mimi niliyeshika bakuli. Mimi niliyejua jina lake, dalili zake na njia zake zote.

"Miezi mitano," nikamwambia.

Salma alinitazama tu. Angeniuliza kwa nini, ningemwambia kwamba kila asubuhi nilipoligusa, nilimwona yeye anavyonitegemea, nikajifunga kanga yangu vizuri, nikasema kesho. Ndipo nikamsamehe Bibi. Na siku ile ile jioni nikawaita na wadogo zake wawili, nikafunga mlango, nikawatajia wote watatu yale maradhi, kwa jina lake na kwa sauti kamili.